Jinsi Ngeli Ilivyonizuilia Shahada

Nilifaulu mitihani yangu yote ya uchumi, na bado chuo kikuu kilininyima shahada. Sababu ni kwamba nilimsahihisha sajenti wa jeshi Kiswahili chake, mchana kweupe, mbele ya bunduki zake na mbele ya msichana mmoja niliyetaka anione. Nikisimulia haya leo vijana hudhani nilikuwa jasiri. Sikuwa. Nilikuwa na maradhi ya nyumbani kwetu tu.

Nyumbani kwetu palikuwa nyuma ya duka la vitambaa la baba, karibu na soko la Nakasero. Mababu zetu walikuja Kampala na biashara kutoka pwani, wakaoa huku, wakazikwa huku. Kilichobaki cha pwani kwetu kilikuwa pilau ya sikukuu na Kiswahili cha bibi. Bibi mwenyewe, mama yake baba, hakuwahi kuiona bahari hata siku moja, lakini lugha ile aliilinda kana kwamba ameachiwa amana. Ukiingia ukilia kwamba kitabu yako imepotea, hakuuliza kilipotelea wapi. Alikurudisha mlangoni, uingie upya, useme vizuri, ndipo msiba wako usikilizwe. Jirani zetu walizungumza Kiluganda, na kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya askari na ya wachuuzi kutoka Kenya na Kongo. Sisi tulijiona ndio wenyewe, na wengine wote wameazima.

Nilikwenda chuoni na kiburi hicho. Miaka ile ya utawala wa jeshi, ukizungumza Kiswahili katika ukumbi wa chakula, meza nzima hunyamaza, watu wakachunguza vidole vyao. Walidhani huenda ni mtu wa serikali. Mtu mwenye akili angeuma ulimi wake. Mimi nilipenda ule ukimya. Niliuchukulia kuwa ni heshima.

Niliyeishi naye chumba kimoja alikuwa mtoto wa polisi kutoka kaskazini, aliyekulia katika nyumba za polisi hapahapa mjini. Alisoma hisabati. Alikuwa mtu wa maneno machache, aliyenyoosha suruali zake kwa kuzilalia chini ya godoro, na aliyekijua Kiswahili cha kambini tangu utotoni ingawa hakukisema ila alipolazimika. Mara nyingi nilimpa somo la ngeli bila kuombwa. Siku moja aliniambia kwao Kiswahili si pambo, ni kitu cha kuitikia amri. Nikamsahihisha namna alivyosema "pambo".

Mwaka wetu wa mwisho wanafunzi waligoma kuingia madarasani, na wanajeshi wakaja kupekua mabweni. Walitutoa vyumbani baada ya chakula cha mchana, wakatupanga kwenye majani mbele ya bweni. Ng'ambo ya barabara palikuwa na bweni la wasichana, na kwenye roshani yake walisimama wasichana kadhaa, mmoja wao akiwa ndiye yule niliyekuwa nimemfuata maktabani muhula mzima bila kupata la kumwambia. Sajenti, mtu mrefu mwenye sauti ya kukwaruza, akasimama mbele yetu.

"Nyinyi yote, kaa chini," akasema. "Mikono weka juu ya kichwa yenu."

Wote wakakaa. Mimi pia nilikaa. Kisha nikasikia mtu akisema, si kwa sauti kubwa lakini kwa matamshi safi kabisa, "Vichwa vyenu." Ilinichukua muda kidogo kutambua kwamba mtu huyo ni mimi.

Sajenti akauliza nani amesema. Kila aliyekuwa karibu nami alijisogeza pembeni kidogo, na mara nikawa nimekaa peke yangu kama kisiwa.

"Ni mimi, afande."

"Nasema nini?"

"Nilisema vichwa vyenu, afande. Kwa sababu tuko wengi."

Huku kuongeza sababu ndiko ambako wenzangu hawakunisamehe kwa muda mrefu. Sajenti alinitazama, akatazama bunduki ya askari aliyekuwa ubavuni mwake, akanirudia tena. Mwenzangu wa chumbani, aliyekuwa mstari wa nyuma, aliniambia baadaye kwamba alikuwa ameshaanza kufikiria atawaambia nini wazazi wangu.

"Wewe mwalimu?"

"Hapana, afande. Mwanafunzi."

"Basi jifunza."

Somo lenyewe lilikuwa kuruka kichura kuzunguka uwanja wote, mikono kichwani, na kila nikiruka niseme "vichwa vyenu" kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Nilizunguka mpaka miguu ikakataa, nikazunguka tena kwa magoti. Msichana wa roshani aliingia ndani kabla sijamaliza. Nilijipa moyo kwamba hakuweza kustahimili kuniona nikiteswa. Miaka mingi baadaye, akiwa mke wa daktari wa meno, aliniambia aliingia ndani kwa sababu kicheko kilimshinda, na aliogopa askari wasije wakamsikia.

Nilidhani yamekwisha pale. Tulifanya mitihani, nikafaulu, baba akaanza kuwaalika jamaa wa Jinja na wa Mombasa kwenye mahafali. Ndipo nikaitwa ofisini kwa msajili wa chuo, mzee mmoja mpole mwenye miwani minene, aliyezungumza Kiingereza cha polepole kana kwamba kila neno analipima kwanza. Alinieleza kwamba Seneti imezuia shahada yangu. Nilikuwa nimehatarisha maisha ya wanafunzi wenzangu na kukiweka chuo mahali pabaya machoni pa jeshi. Nilimwonyesha kwamba nimefaulu. Akakubali kwa furaha kabisa kwamba nimefaulu, tena vizuri. Lakini kufaulu, alisema, ni kazi ya mwanafunzi, na kutunuku ni kazi ya chuo. Mtu anaweza kumaliza yake yote na chuo kikakaa na ya kwake. Hakuna mahakama ya kukilazimisha, hasa siku hizi. Aliposema "siku hizi" alitazama dirishani.

Niliuliza nifanye nini. Seneti, akasema, ingefikiria upya endapo yule niliyemkosea atatamka kwamba ameridhika.

Nilitoka mle nikiwa nimevimba kichwa. Chuo chote kile, na maprofesa wake, walikuwa wamekaa kikao kunijadili mimi. Mpaka nafika nyumbani nilikuwa nimeshajiona mtu wa kutajwa katika historia. Baba alinishusha kwa swali moja tu: aliuliza kama nina wazimu. Bibi naye aliweka chini bakuli la mchele aliokuwa akiuchagua, akataka nirudie alivyosema askari, neno kwa neno. Nikarudia.

"Na lile la 'kaa' ulimwachia?" akauliza. "Watu wengi huambiwa kaeni, mume wangu."

"Mama," baba akasema, "utaniulia mtoto."

Bibi akajibu kwamba yeye hamuui mtu, ameuliza tu. Lakini usiku ule baba hakula, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza nilipoogopa sawasawa. Katika mtaa wetu palikuwa na nyumba zilizokuwa na wanaume mwaka uliopita na sasa hazina.

Aliyenisaidia alikuwa mwenzangu wa chumbani. Aliulizia kwa baba yake, ambaye aliwajua askari wengi kutoka upande wa kwao, akapata habari kwamba sajenti huyo hakosi Ggaba, kwenye soko la kando ya ziwa, siku za Jumapili, huenda kununua samaki na mke wake. Nilimwuliza kama angenisindikiza. Alisema ataniacha hapo hapo nikianza kusahihisha watu.

Tulimkuta ziwani kweli, kati ya mitumbwi na meza za samaki, amevaa shati la maua na kandambili. Bila sare alikuwa mtu kama yeyote aliyetumwa sokoni: mke wake, mwanamke mnene mchangamfu, alikuwa akichagua samaki aina ya ngege na kuwarudisha, akichagua na kuwarudisha, naye amesimama kando ameshika kikapu. Nilikuwa nimekariri hotuba yangu njia nzima. Ilikuwa na neno "unyenyekevu" ndani yake.

"Jambo, afande. Nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi ya nini?"

Hakunikumbuka. Nilimkumbusha siku ya upekuzi chuoni. Akasema amekwenda chuo mara mingi. Nikamwambia yeye ndiye aliyenirukisha kichura; akasema, bila ubaya wowote, kwamba yeye anarukisha watu mingi. Nilikuwa nimeishi na mtu huyu kichwani mwangu tangu siku ile, nikimwona akiniwinda mitaani, na kumbe hata kwenye hesabu yake sikuwemo. Ikabidi nimweleze kosa langu upya, tena kwa ufasaha, ili apate cha kunisamehe. Na kadiri nilivyoeleza, ndivyo uso wake ulivyokunjika.

"Kumbe wewe nacheka Kiswahili yangu?"

Mwenzangu wa chumbani aligeuka akatazama ziwa kwa makini sana. Aliyeniokoa ni yule mke. Alikuwa ameacha samaki, akataka kusikia nilichosema, nami nikarudia kwa sauti ndogo: vichwa vyenu. Alicheka mpaka akajishika kwenye meza.

"Mimi nasikia hii Kiswahili yake kila siku nyumbani," akasema, "na hakuna chuo nanipa shahada."

Sajenti alijaribu kubaki na uso wake wa kazi, ukamshinda. Akacheka kidogo, kisha akaniuliza kwa nini nimekuja kumwomba radhi sasa. Nikamweleza habari ya Seneti. Alisikiliza akiwa amekunja kipaji cha uso.

"Mtihani umeshinda?"

"Nimeshinda, afande."

"Na bado wanakataa?"

"Bado."

"Hiyo Seneti iko na bunduki?"

"Haina."

"Basi inaweza kukataa namna gani?"

Nilimweleza kama nilivyoelezwa na msajili, kwamba shahada ni ya chuo mpaka siku chuo kitakapoitoa. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia habari za silaha asiyoijua. Akasema atakuja. Tukarudi mjini tumebeba ngege wawili ambao mke wake alituchagulia, na mwenzangu, mtu asiyecheka ovyo, alicheka njia nzima. Kila tukinyamaza alisema "unyenyekevu", akaanza upya.

Sajenti alitimiza neno lake. Alikuja asubuhi moja na gari la jeshi na askari wawili wenye silaha, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyojua kwenda ofisini kwa watu. Hakuna aliyejua amekuja kufanya wema. Nilipofika nikikimbia, jengo la utawala lilikuwa tupu. Makarani walikuwa wametoka kwa mlango wa nyuma, mashine za chapa zimeachwa na karatasi ndani yake. Msajili peke yake ndiye alikuwa amebaki, amekaa kwenye kiti chake wima, koti limefungwa vifungo vyote. Naona alikuwa amejitayarisha kuchukuliwa kwa adabu.

Sajenti akapiga saluti. Akasema, "Huyu kijana iko na kichwa ngumu, lakini mimi naridhika. Wewe peana shahada yake."

Ulimi wangu uliruka mdomoni. Niliung'ata.

Tatizo likawa jingine. Msajili hakujua Kiswahili zaidi ya salamu, na sajenti hakujua Kiingereza, na mle ndani aliyejua vyote viwili alikuwa mimi. Nikatafsiri. Nadhani nilipamba kidogo. Katika Kiingereza changu sajenti alikuwa amesikitishwa mno na kuchelewa kwa jambo hili. Msajili alinisikiliza, akasema kwa unyofu kabisa kwamba hawezi kupokea tafsiri kutoka kwa mtu mwenye faida katika shauri.

Mpaka leo sijui kama ule ulikuwa ujasiri au mazoea ya kazi. Alikuwa na bunduki mbili mlangoni, akashikilia utaratibu.

"Huyu nasema nini?" sajenti akaniuliza.

Ningeweza kumwambia chochote. Nilimtafsiria ukweli, pengine kwa sababu niliogopa kwamba yeyote kati yao angegundua. Sajenti alimtazama msajili kwa muda mrefu, kama alivyonitazama mimi siku ile kwenye majani. Kisha akatafuta ndani ya kichwa chake Kiingereza chote alichokuwa nacho, akapata neno moja la kutosha, akalisema: "Give." Akapiga saluti nyingine, akaondoka.

Seneti ilikubali kufikiria upya, lakini kikao chake kilikuwa baada ya mahafali. Kwa hiyo siku yenyewe ilipofika, jamaa wa Jinja na wa Mombasa walikuwa wameshawasili, na baba, badala ya kuwarudisha, aliamua sote twende tukatazame. Tulikaa kwenye viti vya wageni, mimi na suti yangu mpya isiyo na joho, nikitazama wenzangu wakipita.

Kabla ya hapo kulikuwa kumetokea jambo ambalo sijui kulisimulia kwa ule mzaha niliouzoea. Wiki ya mahafali, mwenzangu wa chumbani alikwenda mjini kununua tai. Watu waliokuwa karibu na duka walimwona akiingizwa kwenye gari na wanaume waliovaa miwani ya jua. Hakurudi. Baba yake, polisi mwenye miaka mingi kazini, alikwenda kila alikoweza kwenda kwa sare yake, mpaka mkubwa wake mmoja akamshauri aache kuuliza kama anawapenda watoto waliobaki. Hakuna aliyejua sababu, na sijaijua mpaka leo. Mimi niliyemchokoza askari hadharani nilikuwa hai, nimekaa kwenye kivuli na bibi yangu. Yeye ambaye hakuwahi kumjibu mtu vibaya hakuwepo.

Ofisa mmoja wa jeshi alisimama kushukuru kwa Kiswahili, na kila ngeli ilipovunjika bibi alinifinya paja. Baadaye yakaanza kusomwa majina. Mkuu wa chuo miaka ile alikuwa ndiye mkuu wa nchi, na kila mhitimu alipiga goti mbele yake. Wakafika hisabati. Jina la mwenzangu likasomwa.

Chuo kilichoninyima mimi shahada kwa neno moja hakikuwa na sababu ya kumnyima yeye. Alifaulu, hakuwa na kosa, utaratibu ulikuwa safi. Jina likasomwa, na hakuna aliyetoka mstarini. Msomaji alingoja, akalisoma tena. Nyuma yetu, mbali kwenye viti vya mwisho, nikasikia kiti kikisogea. Baba yake alikuwa amesimama, katika sare yake, mikono ubavuni, kama anavyosimama polisi akiitwa kwenye gwaride. Msomaji akaenda kwenye jina linalofuata. Baba yake aliendelea kusimama mpaka hisabati ikaisha, kisha akakaa. Bibi aliuacha mkono wake juu ya paja langu bila kunifinya tena.

Shahada yangu niliipata muhula uliofuata, kwenye ukumbi mwembamba nje ya ofisi ya msajili, kutoka kwa karani aliyekuwa akila karanga. Nilitaka angalau aseme hongera. Alisema nisogee, nazuia mwanga.

Baba yake mwenzangu alinijia dukani baada ya muda. Alikuwa amekwenda kuchukua hati ya mwanawe, akaambiwa hati hukabidhiwa mhitimu mwenyewe, kwa mkono wake, akiwa na kitambulisho. Alisikia mimi ndiye niliyeishinda Seneti. Aliniomba nikamsemee.

Nilikwenda. Nilivaa ile suti, nikazungumza Kiingereza changu kizuri, nikaeleza lile ambalo kila mtu mle ndani alilijua. Msajili alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa. Aliniambia hawezi. Kumpa mtu mwingine hati ile, alisema taratibu, ni kuandika kwamba mwenyewe hatakuja, na yeye hakuwa tayari kuwa mtu wa kwanza kuandika hivyo. Nilitafuta jibu katika lugha zote ninazozijua. Nikasema asante, nikatoka.

Nilimpelekea mzee jibu kwenye nyumba za polisi. Alinikaribisha chai isiyo na sukari, akaniomba msamaha kwa ajili ya sukari. Alisema, kwa Kiswahili chake cha kambini, kwamba mwanawe alimsimulia habari za Ggaba, na kwamba nyumbani kwao hakuwahi kumwona akicheka namna ile. Alistaafu mapema akarudi kaskazini, na hati sijui iko wapi.

Mimi nilipata kazi ya kufundisha uchumi katika shule ya sekondari hapo mjini. Nilifundisha habari za bei na ugavi katika mwaka ambao chumvi ilikuwa haionekani madukani, na wanafunzi wangu, ambao asubuhi walikuwa wamepanga foleni kwa niaba ya mama zao, walinisikiliza kwa huruma kubwa.